Majibu ya kisima chetu yako wapi?

Makamanda, maji ya kisima yakiwa meupe, tunasema ni salama. Sio kweli! Nitrati ya mbolea haina rangi wala harufu, na kuchemsha hakuiondoi. Kiwango cha WHO ni miligramu 50 kwa lita. Ikizidi, kichanga anayekorogewa maziwa ya kopo anaweza kukosa oksijeni kwenye damu.

Wapimaji walikuja kijijini kwetu. Wakapampu maji kwanza, wakajaza chupa, wakaziweka kwenye barafu, wakaondoka. Mpaka leo kimya.

Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inamruhusu mwananchi kuomba majibu hayo, na ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Jumatatu napeleka barua. Nani anasaini na mimi?