Mbunge Asiyepingwa na Wajibu Wetu

Ndugu viongozi wa walei na waamini wote wa Ufipa, twaukumbuka uchaguzi wa mwaka 2010. Katika jimbo la Katavi, lililokuwa bado ndani ya Mkoa wetu wa Rukwa, Mheshimiwa Mizengo Pinda, mbunge tangu 2000 na Waziri Mkuu tangu 2008, alipita bila kupingwa. Heshima yake hatuipunguzi. Lakini kuhusu ubunge, mpiga kura hakuulizwa neno. Hata mwaka 1965, chini ya chama kimoja, majimbo mengi yalichagua kati ya mgombea wa jembe na wa nyumba, na Waziri wa Fedha, Paul Bomani, akashindwa. Basi, tusipoulizwa siku ya kura, tusinyamaze miaka mitano: tumwite mbunge mkutanoni, atueleze habari za barabara, mbolea na zahanati.