Sadaka ya Maji na Mpira wa Pampu

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wajumbe wa kamati za huduma za jamii za matawi)



Nimeombwa nizungumzie ushirikiano wa mataifa katika maji na usafi wa mazingira. Ningeweza kuanzia New York, ambako Umoja wa Mataifa ulifanya mkutano wa maji mwezi Machi 2023, baada ya ule wa Mar del Plata, Argentina, wa mwaka 1977. Lakini naona heri nianzie hapa kwetu, kwani nchi hii iliwahi kuwa shamba kubwa la ushirikiano huo, na mavuno yake tumeyaona.

Mwaka 1971 Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini. Ilikusudiwa kwamba ifikapo 1991 kila mwanakijiji apate maji safi katika umbali usiozidi mita 400 kutoka nyumbani kwake. Wahisani waliitikia wito, na mikoa ikagawanywa baina yao. Sweden ilishika mikoa ya Ziwa Victoria. Finland ikaenda Mtwara na Lindi. Denmark ikachukua Iringa, Mbeya na Ruvuma. Norway ikawa Rukwa na Kigoma. Nao Waholanzi wakafanya kazi Shinyanga, kisha Morogoro. Kila mmoja alikuja na wataalamu wake, michoro yake na pampu yake. Pampu ya Mholanzi haikuwa ya Mfini, wala kifaa cha hii hakikufaa kwa ile. Ni nani kijijini aliyejua Helsinki iko upande gani, sembuse kuagiza kutoka huko mpira wa pampu?

Miaka ikapita. Mafuta ya dizeli yakapanda bei na kuadimika, na mashine nyingi zikanyamaza. Kwa kuwa maji yalikuwa ya bure na matengenezo yalikuwa jukumu la serikali, pampu ilipoharibika kijiji kilikaa kumngoja fundi wa wilaya, naye fundi alikuwa hana gari wala vipuri. Mwaka 1991 ulifika, lengo halikufika. Ndipo sera ya maji ya mwaka huo ikakiri kwamba wananchi hawana budi kuchangia, na ile ya mwaka 2002 ikaeleza kwa uwazi zaidi kwamba wanakijiji wawe wenye miradi na waendeshaji wake.

Sisemi kwamba wahisani walikuja kwa nia mbaya. Wapo waliojifunza: katika Programu ya Maendeleo ya Sekta ya Maji, iliyoanza mwaka wa fedha 2006/07, baadhi yao walikubali kuweka fedha zao katika mfuko mmoja badala ya kila mtu kupeperusha bendera yake. Hata Lengo la 6 la Maendeleo Endelevu, lililopitishwa mwaka 2015, linamalizia kwa mambo mawili yaliyoambatana: kupanua ushirikiano wa kimataifa, na kuimarisha ushiriki wa wenyeji. Lakini mikutanoni hilo la kwanza husomwa kwa sauti, la pili kwa kunong'ona.

Liko na jambo la vyoo. Malengo ya Milenia yalipowekwa, shabaha ya maji ilikuwamo, ya vyoo haikuwamo. Iliongezwa Johannesburg mwaka 2002. Matokeo yake ni kwamba mwaka 2012 ulimwengu ulitangaziwa kuwa shabaha ya maji imekwisha kufikiwa tangu 2010, na ile ya vyoo haikufikiwa hata mwaka 2015 ulipokwisha. Mwaka huo huo kipindupindu kiliingia nchini mwetu, na kabla hakijatulia waliougua walizidi 20,000. Taarifa ya WHO na UNICEF ya mwaka 2025 inasema watu bilioni 2.1 hawana huduma salama ya maji ya kunywa, na bilioni 3.4 hawana huduma salama ya vyoo. Hakuna mgeni rasmi apendaye kukata utepe mbele ya choo! Na ajabu ni kwamba vitabu vyetu vya fiqhi hufungua kwa mlango wa tohara, lakini sisi wenyewe tunaona haya kuchangisha fedha za vyoo.

Maana sisi nasi ni wahisani, ndugu zangu. Mwaka juzi nilipita katika kijiji kimoja, nikaona kisima cha sadaka kilicholetwa na ndugu zetu wa ng'ambo. Kibao cha marumaru chenye jina la marehemu kilikuwa kinang'aa. Mkono wa pampu ulikuwa umefungiwa mbuzi. Akina mama walikipita na ndoo zao wakielekea lambo lile lile la zamani. Mmoja wao alinieleza kwamba kilichokatika ni mpira wa ndani tu, tangu mvua za mwaka uliotangulia. Tunaiita sadaka yenye kuendelea, nayo imesimama kwa mpira!

Waliotutangulia walilifikiria jambo hili. Sayyidna Uthman (r.a.) alikinunua kisima cha Ruma akakitoa kwa watu wote. Na katika mji wa Cairo, waliojenga masabili ya kunyweshea wapita njia waliyawekea pia wakfu wa maduka na nyumba, ili kodi yake ilipe wachota maji na matengenezo.

Kwa hiyo, kabla ya kupokea kisima kingine chochote, naomba tuulize: vipuri vya pampu hii vinauzwa wilayani? Fundi wake ni nani, na anaishi wapi? RUWASA wana habari? Kijiji kimekubaliana kulipa kiasi gani kwa ndoo?

Fedha tulizonazo zinatosha visima sita. Nashauri tuchimbe vinne. Fedha ya viwili ijenge vyoo vya madrasa zetu pamoja na duka moja, ambalo kodi yake iwe wakfu wa vipuri. Najua vipo vijiji viwili ambavyo vimekwisha kuahidiwa, na wazee wake wamo humu ukumbini. Mkutano ukikubali, mimi mwenyewe nitakwenda huko kuwaeleza.