Muamala Mmoja kwa Kazi Nyingi: Daftari la ext3 na ext4



Kufuta faili moja hugusa sehemu kadhaa za diski: jina linatolewa kwenye saraka, inodi (rekodi ya maelezo ya faili) inaachiliwa, ramani ya nafasi tupu inaandikwa upya. Umeme ukikatika katikati, sehemu hizo hubaki zikipingana. Zamani fsck, programu ya kukagua mfumo wa mafaili, ililazimika kupekua diski nzima. Mwaka 1998 Stephen Tweedie alieleza namna ya kuipa ext2, mfumo wa mafaili wa Linux, daftari (journal) ambamo mabadiliko huandikwa kwanza kabla ya kupelekwa mahali pake, na ext3, yaani ext2 yenye daftari, ikaingia katika Linux 2.4.15 mwezi Novemba 2001.

Wengi wetu hudhani kila kazi ina muamala wake, yaani kundi lake la mabadiliko yanayokamilika yote au yasikamilike kabisa. Sivyo. Kila kazi hutaja mapema idadi ya juu ya bloki itakazogusa, kisha hujiunga na muamala mmoja ulio wazi, pamoja na kazi za programu nyingine zote. Muamala huo kwa kawaida hufungwa kila sekunde 5, au mapema zaidi programu ikiita fsync, amri ya kulazimisha data iandikwe diskini. Bloki ya ramani iliyobadilishwa mara 100 ndani ya muda huo huandikwa daftarini mara moja tu, na hapo ndipo kasi inapopatikana.

Ugumu huanza wakati wa kufunga. Muamala wa zamani haupokei tena kazi, mpya hufunguliwa. Kazi mpya ikitaka kubadilisha bloki ambayo wa zamani haujamaliza kuiandika, kiini cha Linux huhifadhi nakala ya bloki hiyo kama ilivyokuwa, mabadiliko ya miamala miwili yasichanganyike. Mwishoni huandikwa bloki ya kufunga. Isipokuwepo mashine inapowashwa tena, muamala wote hupuuzwa. Kwa hiyo bloki hiyo haipaswi kufika diskini kabla ya zile inazozithibitisha. Ndiyo maana nawasihi msiweke barrier=0, chaguo linalozima ulinzi wa mpangilio huo, kwa kutafuta kasi: diski inaweza kusema imeandika kumbe data bado iko kwenye kumbukumbu yake ya ndani.

Kuna mtego mwingine ninaouona mzito zaidi. Tuseme bloki ya saraka imeandikwa daftarini, saraka ikafutwa, nafasi yake ikapewa faili jipya. Daftari likirudiwa baada ya ajali, saraka iliyokufa ingemwagwa juu ya faili hilo. Kwa hiyo kufuta huacha daftarini rekodi ya kubatilisha, na urejeshaji huzikusanya rekodi hizo zote kabla ya kurudisha bloki hata moja.

Lakini katika hali ya kawaida ya ext3 na mrithi wake ext4, yaani ordered, daftari hubeba habari za mpangilio tu, si maandishi ya mtumiaji. ext4 huchelewa hata kuyatengea nafasi, na mwaka 2009 watumiaji walikuta mafaili yao yana baiti 0 baada ya mashine kuzimika ghafla. Kwa hiyo kwa wanaoandika programu: andikeni kwenye faili la muda, iteni fsync, mhakikishe imejibu bila kosa, ndipo mlibadilishe jina kuchukua nafasi ya lile la zamani.