Dada, Ninunue Taa Gani ya Kukimbilia Gizani?

(Maongezi na wanafunzi wa klabu ya mbio ya shule moja ya sekondari)

   

Kwenye kisanduku chenu cha maswali nimekuta karatasi nyingi za kubanwa misuli na za chakula cha mwanariadha. Hizo tutazijibu baada ya mapumziko. Naanza na hii moja, nawasomea kama ilivyo: "Dada, mimi ni msichana wa kidato cha tatu. Nakimbia saa kumi na moja alfajiri kando ya barabara kuu, kwa sababu nikirudi lazima nichote maji kabla ya shule. Kaka anasema niache, giza litaniua. Nina akiba ya shilingi elfu ishirini. Ninunue taa gani ya kichwani?"

Uliyeandika usinyanyue mkono, kisanduku ni siri. Na ninyi wengine acheni kugeuka geuka!

Tuingie dukani. Muuzaji atakuonyesha boksi limeandikwa lumeni 10,000. Lumeni ni kipimo cha mwanga unaotoka kwenye taa. Ile balbu ya zamani ya wati 60 ilitoa kama lumeni 800. Kwa hiyo boksi linakuambia utakimbia na balbu kumi na mbili kwenye paji la uso! Wa fizikia mko wapi? Tupige hesabu. Taa nzuri ya LED hutoa kama lumeni 100 kwa kila wati moja. Lumeni 10,000 zinataka wati 100. Betri moja ya kuchaji, zile nene kama kidole gumba, huwa na nguvu ya kama wati 10 kwa muda wa saa moja. Gawanya. Ingezimika baada ya dakika sita, na kabla ya hapo ingekuwa imeshakuunguza. Boksi linadanganya, basi. Kwenye lami, lumeni 100 hadi 200 za kweli zinatosha. Kwenye njia ya mawe na mizizi, 200 hadi 300.

Angalia pia muda wa betri. Kampuni zinazofuata kipimo kiitwacho ANSI FL1 huhesabu saa mpaka mwanga ubaki asilimia 10 tu ya ule wa mwanzo. Maana yake ukisoma "saa 40", nyingi kati ya hizo ni za mwanga wa kutafutia viatu chini ya kitanda. Kama kwenu umeme ni wa kubahatisha, chukua taa ya betri za kawaida ambazo hata duka la jirani linauza. Maandishi IPX4 yanasema taa inavumilia maji yanayorushwa toka pande zote, yaani mvua na jasho havina shida. Usilipie zaidi ya hapo, huendi kuogelea.

Mkanda ujaribu palepale dukani. Ruka ruka. Ndiyo, ruka, muuzaji acheke! Taa inayocheza kichwani itakuumiza macho na utaivua siku ya tatu. Na bonyeza sehemu inayoinamisha taa. Kama haiinami, irudishe.

Sasa sikilizeni hili, maana wauzaji hawalisemi. Taa ya kichwani ina kasoro yake: iko karibu mno na macho. Macho yetu hutambua shimo kwa kuona kivuli chake. Mwanga ukitoka karibu na jicho, kivuli kinajificha nyuma ya jiwe, upande usiouona, na barabara yenye mashimo inaonekana bapa kama meza. Ndipo kifundo cha mguu kinapoteguka. Shusha taa ileile ufunge mkanda kiunoni, au ishike mkononi, na vivuli vitatokea. Waliopo Njombe au Lushoto wana sababu nyingine ya kuishusha. Kwenye ukungu, mwanga wa kichwani hurudi usoni kama umemulika ukuta mweupe. Vumbi la lori nalo hufanya hivyohivyo. Kwa hiyo hata tochi ndogo ya mkononi si ya kudharauliwa, inawezekana ikawa bora kuliko taa ya boksi zuri.

Tumezungumza habari ya wewe kuona. Je, dereva anakuona?

Gari la kilomita 80 kwa saa linakwenda mita 22 kila sekunde moja. Dereva akikuona, sekunde nzima au zaidi inapita kabla mguu haujagusa breki. Ukiwa umevaa suruali ya bluu na fulana nyeusi, anakuona umeshafika mbele ya bampa. Kwa hiyo, dada yangu wa elfu ishirini, usizimalize zote kwenye taa. Toa kidogo ununue riflekta, vile vitambaa vya kung'aa vilivyoko kwenye vizibao vya trafiki na bodaboda. Vifunge kwenye vifundo vya miguu na mikono. Kwa nini miguuni? Kwa sababu kitu kinachong'aa kifuani dereva anaweza kudhani ni kibao cha barabarani. Vinne vinavyopanda na kushuka, anajua mara moja huyu ni mtu.

Kimbia upande wa kulia, magari yaje yakikutazama. Na taa iinamishe, imulike mita chache mbele ya miguu. Ukimmulika dereva machoni unampofusha, halafu ndiye unayemtegemea akukwepe! Akija yeye na taa kali, tazama ukingo wa barabara, punguza mwendo. Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza vizuri, na taa za lori moja tu zinaharibu kazi yote hiyo. Spika za masikioni ziache nyumbani.

Nimebaki na maneno ya kaka.

Sitakudanganya, mdogo wangu. Taa haimfukuzi mtu mwenye nia mbaya. Wakati mwingine inamwonyesha ulipo. Kinachosaidia ni watu: kimbieni watatu au wanne, badilisheni njia, mtu wa nyumbani ajue mnapita wapi na mnarudi saa ngapi. Filimbi shingoni ni nyepesi. Na mtu akikufanyia ubaya, kosa ni lake, si la saa uliyotoka wala la bukta uliyovaa. Mwambie mtu mzima unayemwamini, nenda dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi, au piga 116, simu ya watoto, haina malipo.

Lakini nina swali kwa kaka. Huku kwetu karibu na ikweta mapambazuko ni mafupi. Kutoka giza hadi kuweza kuona njia ni kama dakika ishirini tu. Kigoma jua linachelewa zaidi ya nusu saa kuliko Dar es Salaam, nanyi wenyewe mnajua kwenu kunakucha saa ngapi. Ukitoka kunapokucha badala ya saa kumi na moja, huhitaji lumeni hata moja. Kinachokuzuia ni nini? Ndoo ya maji. Basi kaka anayeogopa usalama wako kiasi hicho, je, yeye hawezi kuchota siku tatu kwa wiki? Hapana, wavulana msinicheke, nauliza kweli. Wangapi hapa wamechota maji leo asubuhi? ... Mikono mitano. Tumeona.

Mpelekee swali hilo mbele ya mama au bibi, kwa adabu, wala usilitoe kama ugomvi. Akikubali, elfu ishirini zako nunulia soksi. Akikataa, mnajua sasa cha kununua, na cha kutafuta kwanza ni wenzako wa kukimbia nao.

Wenye taa, leteni leo saa moja na nusu usiku pale uwanjani, kwenye kona ile yenye mashimo. Tutazivaa kichwani kisha kiunoni, mwalimu wa michezo atakaa mbali kidogo na kuwa dereva. Betri zilizokufa leteni pia, kuna debe la kuzikusanyia. Msizitupe chooni wala kwenye moto, zinaweza kulipuka.

Haya, karatasi ya pili. Huyu anauliza kuhusu ugali...