KIPOZA CHA MAJI CHA KOMPYUTA: TULIVYOKIPIMA NA TULIYOYAONA

(Hotuba iliyotolewa na mwanachama, mtumishi wa Serikali, mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Wanafunzi wa Zamani, katika ukumbi wa shule)



Nimeambiwa nina dakika 20 kabla ya chai, na wale niliosoma nao wanajua kwamba mtu anayechelewesha chai katika shule hii hasamehewi upesi. Basi nitaingia katika jambo lenyewe.

Mkutano wetu uliopita uliazimia kuchanga fedha za kununua kompyuta 12 kwa ajili ya chumba cha kompyuta cha shule. Mwenzetu mmoja, ambaye nilikaa naye bweni moja kwa miaka minne, alijitolea kununua kwa fedha zake vipoza vya maji viwili, akashauri kwamba kompyuta zote 12 zifungwe vipoza vya namna hiyo. Kamati ikaniteua nivipime. Sababu iliyotajwa ni kwamba katika kazi yangu nimekaa kwenye kamati nyingi za kutathmini vifaa. Sababu nyingine, nadhani, ni kwamba siku ya uteuzi sikuwapo. Mwenzetu huyo yupo hapa leo. Jana usiku nilimweleza yote nitakayoyasema, ili asiyasikie kwa mara ya kwanza mbele za watu.

Wale wa miaka ya tisini mnalikumbuka lori la shule. Tulipokuwa tukirudi na magunia ya mahindi, lilikuwa likichemsha kila lilipofika mlimani, na utingo alikuwa na debe lake la maji tayari. Siku moja Mwalimu wetu wa Fizikia alikuwa nasi. Alitushusha wote, akatupanga mbele ya rejeta kama darasani, akatuuliza: joto hili limetoka wapi, na sasa linakwenda wapi? Tulijibu kwamba maji yanaliua joto. Akacheka sana. Akatueleza kwamba maji hayaui joto; yanalichukua kutoka kwenye injini na kulipeleka kwenye rejeta, na hapo upepo hulipokea na kwenda nalo porini. Upepo usipolipokea, maji nayo yatachemka tu.

Kipoza cha maji cha kompyuta ni rejeta ya lori lile iliyofanywa ndogo. Ubongo wa kompyuta, yaani prosesa, ni kipande kidogo kinachokula umeme, na karibu umeme wote kinaokula hugeuka kuwa joto. Prosesa tulizokusudia kununua ni Intel Core i7-12700, iliyotoka mwaka 2022. Kiwanda kinaipa wati 65 kwa mwendo wa kawaida, na hadi wati 180 inapokazwa. Ikifika nyuzi 100 za Sentigredi hujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Juu yake huwekwa bamba la shaba lenye pampu ndogo mgongoni. Mipira miwili hupeleka maji yaliyotiwa dawa ya kuzuia kutu hadi kwenye rejeta ya alumini yenye feni mbili, kisha huyarudisha. Kila kitu kimezibwa kiwandani. Mnunuzi haongezi maji wala hafungui kitu.

Wazo lenyewe si jipya. Kampuni ya IBM ilitangaza mwaka 1980 kompyuta yake kubwa ya 3081, ambayo ilipozwa kwa maji. Mwaka 2004 Apple waliuza Power Mac G5 yenye kipoza cha majimaji ndani ya sanduku la mezani, na baada ya miaka kadhaa baadhi ya mashine hizo zilivuja zikaharibika. Vya leo vimetengenezwa vizuri zaidi, lakini ni vyema kujua kwamba hatukuwa wa kwanza kujiuliza swali hili.

Kwa nini maji? Vijana wa Fizikia, kilo moja ya maji huhitaji jouli zipatazo 4,200 ili ipande nyuzi moja; kilo ya hewa huhitaji kama 1,000 tu. Tena lita ya maji ni kilo moja, na lita ya hewa ni gramu moja na kidogo. Kwa ujazo ule ule, basi, maji hubeba joto mara elfu kadhaa kuliko hewa. Hapo muuzaji husema kweli tupu, na wengi huishia hapo hapo na kutoa fedha.

Sisi tulipima. Tulifanya kazi hiyo kwa Jumamosi tatu katika chumba kile kile cha kompyuta, saa nane mchana, madirisha wazi, joto la chumba likiwa nyuzi 31. Nilisaidiwa na vijana wanne wa Kidato cha Tatu na fundi mmoja wa mjini. Tulikuwa na vipoza vitatu: kile kidogo kinachokuja na prosesa, kile kikubwa cha upepo chenye mapezi ya alumini na mirija ya shaba, na hiki cha maji. Tuliipa mashine kazi ya kubadili filamu kutoka muundo mmoja hadi mwingine, bila kupumzika kwa dakika 40, tukiiruhusu itumie wati zake zote.

Kipoza kidogo kilishindwa kabla ya dakika moja kwisha. Prosesa ikafika nyuzi 100 ikaanza kujizuia. Kile kikubwa cha upepo kilipanda hadi nyuzi 87, kikatulia hapo. Cha maji kilinifurahisha: dakika ya tano kilikuwa nyuzi 74. Nakiri kwamba nilikwisha kuandika kwenye daftari langu kwamba kimeshinda kwa nyuzi 13, na nilitaka tufunge tukale. Kijana mmoja akasema, "Mwalimu, bado dakika 35." Mimi si mwalimu, lakini nilikaa.

Dakika ya 15 ilikuwa nyuzi 79. Dakika ya 40, nyuzi 82. Ushindi wa nyuzi 13 ulikuwa umebaki nyuzi tano. Sababu ni ile ile ya maji kubeba joto jingi: mwanzoni yenyewe ni baridi, kwa hiyo hulimeza joto kama ghala tupu linavyomeza magunia. Ghala likijaa, kila gunia linaloingia sharti jingine litoke, na kutoka ni kwa njia ya upepo wa feni, sawa na kile cha upepo. Katika kamati za Serikali nimehudhuria maonyesho mengi ya vifaa, na siwezi kukumbuka hata moja lililozidi robo saa.

Kisha tukaangalia saa. Kazi ya filamu moja ilikwisha kwa dakika 10 kwa kipoza cha maji, na kwa dakika 10 zile zile kwa kile kikubwa cha upepo. Prosesa haikuwa na haja ya kujizuia kwenye nyuzi 87 wala 82, kwa hiyo zile nyuzi tano hazikutuongezea mwendo wowote. Tulipoifunga mashine isizidi wati 65, hata kile kipoza kidogo kilitulia kwenye nyuzi 70, na kazi ikachukua dakika 13. Kwa kijana anayejifunza kuandika programu au kupiga hesabu za majedwali, tofauti hiyo hataiona kamwe.

Hapo kijana mwingine aliuliza swali ambalo nimelipenda mno. Alisema kwao bibi yake ana mtungi, na maji ya mtungi ni baridi kuliko hewa ya nje. Mbona maji ya kipoza hiki hayawi baridi kuliko chumba? Tulilijadili hadi alasiri. Mtungi huvuja kidogo kidogo kwenye udongo wake, na ule unyevu unapokauka huondoka na joto. Kipoza hiki kimezibwa, hakuna kinachokauka, kwa hiyo rejeta yake haiwezi kamwe kuwa baridi kuliko hewa inayoipiga. Huku kwetu pwani, ambako chumba ni nyuzi 31, kila kipimo kinaanzia kwenye 31. Vipimo vinavyochapishwa ughaibuni kwa chumba cha nyuzi 20 vina nyuzi 11 ambazo sisi hatunazo.

Jumamosi ya pili ilituletea kioja. Vijana walikuwa wamefunga rejeta chini ya sanduku, kwa kuwa hapo palikuwa na nafasi, na pampu ikawa juu yake. Tulipowasha tulisikia mlio kama wa sufuria ya chai. Ndani ya kipoza chochote cha namna hii hubaki hewa kidogo, na hewa hupanda mahali pa juu kabisa. Pampu ikiwa ndiyo ya juu, hewa hukaa ndani yake, ikanguruma na kuchakaa kabla ya wakati. Tukaihamisha rejeta juu ya sanduku, kelele zikaisha. Kwenye boksi kulikuwa na mchoro unaoonyesha hivyo, lakini ni nani kati yetu aliyesoma karatasi ya maelekezo kwanza?

Jumamosi ya tatu tulifanya jaribio ambalo kwangu mimi lilikuwa na uzito kuliko yote: tuliharibu kwa makusudi. Tulichomoa waya wa feni ya kipoza kikubwa cha upepo, mashine ikiwa na kazi nyepesi ya kuandika. Joto lilipanda polepole hadi nyuzi 68, na mashine ikaendelea, maana yale mapezi huendelea kutoa joto hata bila feni. Kisha tukachomoa waya wa pampu ya kile cha maji, kwa kazi ile ile nyepesi. Maji yaliposimama, joto halikuwa na njia ya kwenda kwenye rejeta. Muda si muda tukawa kwenye nyuzi 100 na mashine ikawa inatambaa kama kobe. Haikuungua, lakini haikufaa kwa kazi. Vijana, pigeni hesabu wenyewe: chukueni robo kilo ya maji, mpe joto la wati 150, bila rejeta kutoa kitu. Kila baada ya sekunde saba maji yatapanda nyuzi moja. Kutoka nyuzi 31 hadi kuchemka ni dakika nane tu.

Feni ikifa, fundi wetu anasema ataipata mjini siku hiyo hiyo, na hata mwanafunzi anaweza kuifunga kwa bisibisi. Pampu ikifa, kipoza kizima hutupwa. Na hata isipokufa, maji hupenya mpira wa mabomba taratibu sana, mwaka hadi mwaka, na hakuna mahali pa kuyaongeza. Rejeta nayo ina mapezi yaliyobanana, na vumbi la chumba chetu mnalijua. Kwa bei ya kipoza kimoja cha maji, dukani tungepata vitatu vikubwa vya upepo.

Haki ni haki, nami sitaki ionekane kwamba nimekuja kukilaani. Kile kikubwa cha upepo kina uzito wa zaidi ya kilo moja, kikining'inia kwenye bodi kuu. Mashine ikipakiwa kwenye gari kwa barabara yetu hii, sharti kivuliwe kwanza, au bodi ipasuke. Cha maji hakina tatizo hilo. Pia kilikuwa kimya zaidi kwa kazi fupi fupi. Na iwapo mtu ana prosesa kama Core i9-13900K, inayoweza kula wati 253, akaikamua kutwa nzima, zile nyuzi tano huwa ndizo tofauti kati ya kwenda na kujizuia. Mtu huyo akinunua cha maji, nitamwambia amefanya vyema. Sisi hatuna mashine hiyo, wala mtaala unaoihitaji.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, pendekezo langu kwa Kamati ni hili: kompyuta 11 zibaki na vipoza vyake vidogo, zifungiwe kwenye wati 65, na fedha zitakazobaki zinunue feni za akiba na vizuia vumbi vya madirisha. Moja, ile ya kutengeneza filamu za shule, iendelee na kipoza hiki cha maji tulichokwisha kukifunga, na wale vijana wanne waandike joto lake kila Ijumaa ukutani. Likianza kupanda kwa kazi ile ile na vumbi likiwa limesafishwa, tutajua kwamba pampu inachoka au maji yamepungua.

Jana usiku, nilipomaliza kumsomea mwenzangu haya yote, alinyamaza kitambo. Kisha akaniuliza kama ninakumbuka nani alikuwa akishika debe la maji siku lori lilipokwama. Alikuwa yeye. Akaniambia kwamba kipoza cha pili bado kimo ndani ya boksi lake, hakijafunguliwa, na risiti anayo. Tumempigia mwenye duka asubuhi ya leo. Amekubali kukibadili kwa feni, ila kirudi kabla ya Jumatano, na anataka arudishiwe na boksi lake likiwa zima.