Wanafunzi wa Hoteli na Chakula cha Mkutano Mkuu

(Mazungumzo yaliyotolewa na Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika mbele ya makatibu wa vyama vya msingi. Yanachapishwa hapa kwa faida ya wanachama ambao hawakuhudhuria.)



Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo baadhi yenu mlipolisikia mlicheka, nalo ni kuwafunza vijana wa vyuo vya hoteli kuongoza shughuli zetu kubwa, yaani Mkutano Mkuu wa Mwaka na Siku ya Ushirika Duniani, ambayo huadhimishwa Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Julai. Mlicheka kwa kuwa mmezoea kumwona mkaguzi na leja, si na sufuria. Lakini sufuria nayo ina vocha yake, na kwa njia ya vocha ndipo nilipoanza kuitazama.

Makatibu wanajua vocha ninayoisema. Imeandikwa "chakula cha wajumbe", ikafuatiwa na jumla ya fedha, saini mbili, basi. Haisemi wajumbe walikuwa wangapi, wala mchele ulikuwa kilo ngapi, wala nani aliupokea na kuupima. Mkaguzi akiuliza huambiwa kwamba watu walikula wakashiba. Huenda ni kweli. Lakini shibe ya mwaka jana haikaguliki.

Hata hivyo fedha si hasara kubwa kuliko zote. Niliwahi kuhudhuria Mkutano Mkuu wa chama kikuu kimoja, ambacho sitakitaja, wenye wajumbe zaidi ya mia nane. Chakula kilitazamiwa saa saba mchana. Saa tisa kilikuwa bado, na saa hiyo ndiyo iliyoangukiwa na taarifa ya hesabu zilizokaguliwa. Katika taarifa ile palikuwa na upungufu wa mazao ghalani ambao kila mjumbe alikuwa na haki ya kuuulizia. Mwenyekiti akauliza kama kuna swali. Wajumbe wakatazama upande wa moshi. Hesabu zikapita, makisio yakapita, ukomo wa madeni ukapita, yote kwa muda mfupi kuliko ule uliotumika asubuhi kuimba na kutambulishana. Chakula kilipofika saa kumi, waliotoka mbali walikuwa wamekwisha kukimbilia mabasi. Pilau iliyobaki ikaachwa katika masufuria hadi usiku, ikaliwa na wajumbe waliolala mjini, na asubuhi yake kadhaa walikuwa zahanati.

Ndugu zangu, sisemi kwamba kila chakula kinachochelewa kimecheleweshwa kwa hila. Nasema tu kwamba mwenye njaa hasomi jedwali la hesabu, na anayetaka jedwali lisisomwe hana haja ya kufanya lolote zaidi ya kuchelewesha kuni.

Sasa, kwa nini wanafunzi wa hoteli? Nchi yetu ina vyuo vinavyofundisha kazi hii: kiko Chuo cha Taifa cha Utalii, Dar es Salaam, na kiko chuo cha hoteli na utalii cha VETA, Arusha. Jirani zetu wa Kenya wana Chuo cha Utalii, Nairobi, kilichoanza 1975, ambacho kina hoteli yake wanamofanyia wanafunzi mazoezi. Vijana hawa hujifunza kuandika meza, kupokea wageni, kutandika vitanda na kupika vyakula vya mataifa. Lakini hoteli ya mazoezi huwa na meza chache, na mgeni huingia mmoja mmoja. Kijana anaweza kufuzu vizuri kabisa bila kuona hata siku moja watu elfu moja wakisimama kwa pamoja na kutaka kula. Na siku atakayoajiriwa, pengine katika mji kama Arusha, ambao tangu 1978 una kituo cha mikutano ya kimataifa, hiyo ndiyo kazi itakayomkuta.

Wenzetu wa mbali waliliona hili zamani. Wanafunzi wa hoteli wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, wana desturi iliyoanza 1926 ya kuandaa na kuendesha wao wenyewe shughuli kubwa ya kuwakaribisha wakuu wa kazi ya hoteli, walimu wakiwa pembeni. Sisi hatuna wakuu wa hoteli wa kuwaalika. Tuna wajumbe, na tunawaita kila mwaka. Chuo kinatafuta shughuli ya kufundishia, nasi tuna shughuli isiyo na wenye ujuzi. Sioni kwa nini mahitaji haya mawili yasikutane.

Jambo la kwanza ambalo kijana hapana budi alifahamu ni kwamba shughuli kubwa si shughuli ndogo iliyozidishwa. Mpishi aliyezoea kuteleka kilo tano za mchele akizidisha kila kitu mara kumi atapata uji juu na makoko chini, maana sufuria kubwa haipotezi maji kwa mvuke kwa kadiri ileile, na kila kilo huhitaji maji kidogo zaidi. Vivyo hivyo sufuria kubwa ikiepuliwa haipoi upesi. Ndani yake nyama hukaa katika uvuguvugu kwa saa nyingi, na uvuguvugu ndio unaozalisha vijidudu. Shirika la Afya Duniani linafundisha kwamba chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili katika hewa ya kawaida, na kwamba kinachongoja kuliwa kiwekwe katika moto unaozidi nyuzi 60 za sentigredi. Wali hasa una hatari yake, kwa kuwa kuna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa, na sumu yao haiondoki kwa kupasha moto tena. Wale wajumbe wa zahanati waliugua kwa sababu ambayo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeweza kuieleza. Dawa yake ni kugawa chakula katika sinia zisizo na kina na kukipoza upesi, au kukimwaga. Kukimwaga kunauma, najua.

Jambo la pili ni hesabu ya muda, na hapa naomba niwe mkaguzi kidogo. Tuseme mtu mmoja hupakuliwa kwa sekunde 15. Hapo msitari mmoja hupitisha watu 4 kwa dakika, na watu 1,000 watamalizika kwa muda wa saa nne na dakika kumi. Mkiweka misitari minane, kazi hiyohiyo humalizika kwa dakika 31 hivi. Chakula ni kilekile na fedha ni zilezile. Kilichobadilika ni idadi ya meza na ya vijana wenye upawa. Kadhalika kunawa: mtu anayenawa kwa sabuni ipasavyo huhitaji sekunde 20, na mabomba kumi huwahudumia watu elfu kwa dakika 33. Mkiweka ndoo mbili mlangoni, ama watu watangoja hadi jioni ama watakula bila kunawa, nao watachagua la pili. Hesabu hizi mwanafunzi azifanye mwenyewe, kwa kalamu, kabla ya kuona hata punje ya mchele.

Baada ya hapo ndipo aandike karatasi ya mapishi. Kwa vipimo vya shughuli zetu, kilo moja ya mchele huwatosha watu saba, hivyo watu 1,000 huhitaji kilo 143, na nyama yenye mifupa kilo moja kwa watu watano ni kilo 200. Wapishi wengine watabishana nami, na wabishane, mradi waandike. Karatasi hiyo ikibandikwa nyuma ya vocha, pamoja na hati ya mapokezi yenye saini ya aliyepima mzigo kwenye mizani, kazi yangu itapungua nusu. Chama kilichonunua mchele kilo 260 kwa watu elfu kitakuwa na jambo la kueleza.

Mwalimu nani? Hapa nina maoni ambayo waalimu wa vyuo huenda wasiyapende. Mwalimu wa chuo ajue usafi, mpangilio na vitabu. Lakini katika kila mji wetu, na hasa Pwani, wako akina mama wapishi wa shughuli ambao huteleka masufuria ya watu elfu juu ya mafiga, hupalia makaa juu ya mfuniko, na hujua kwa harufu tu kwamba wali umeiva. Hawana cheti. Kijana asimame kando ya mama huyo siku nzima, ashike mwiko, aulize. Na mama huyo alipwe kama mwalimu, kwa vocha, si kwa kupewa mabaki na kanga.

Katika siku yenyewe, kila kijana awe na mahali pake pamoja na karatasi inayomwambia saa kwa saa afanye nini, na awepo mmoja tu wa kutoa amri. Nimeona shughuli zenye makamanda saba: Mwenyekiti anaagiza soda, Katibu anazirudisha. Vijana wafunzwe pia kuwahesabu wasiohesabiwa, yaani madereva, askari, wapiga ngoma na mafundi wa vipaza sauti. Hawa hawamo katika orodha ya wajumbe, nao hula. Wawakumbuke wazee wasioweza kusimama katika msitari, wenye kisukari, wasiokula nyama, na Waislamu ambao wangependa kujua nani alichinja. Kuhusu meza kuu, ningependa ipakuliwe mwisho, lakini hilo nawaachia wenyewe.

Naomba lakini tusije tukageuza mafunzo kuwa vibarua vya bure. Yako mashirika ambayo yakisikia neno "mazoezi" husikia "bila malipo". Kijana apewe nauli, chakula, mahali pa kulala na posho iliyomo katika makisio yaliyopitishwa, si masurufu yaliyozushwa asubuhi ile. Aje na mwalimu wake. Pawe na barua ya makubaliano kati ya chuo na chama, inayosema nani ananunua, nani anapika, na nani anajibu kitu kikiharibika. Ununuzi ubaki mikononi mwa chama. Si haki kumpa mwanafunzi fedha za wanachama kisha kumlaumu. Na wako wazazi wanaonung'unika kwamba hawakumpeleka mtoto chuoni ili akawapakulie watu chakula. Wajibiwe kwa upole kwamba anayeweza kuwalisha watu elfu kwa nusu saa bila kelele amejifunza uongozi ambao wengi wetu tuliomo humu hatuna.

Siku ya tatu baada ya mkutano, vijana na Katibu wakae pamoja na waandike kilichonunuliwa, kilicholiwa, kilichobaki, saa ambayo mtu wa kwanza alipakuliwa na saa ya mtu wa mwisho. Kurasa mbili zinatosha. Nakala moja iende chuoni, nyingine ikae katika jalada la mkutano, nami nitaiomba nitakapokuja.

Chama kitakachopenda kujaribu kianze kuandikia chuo miezi mitatu kabla, kwa sababu vyuo vina mihula yao na mitihani yao. Idadi ya wajumbe kutoka kila chama cha msingi ifike kwa Katibu wa chama kikuu si chini ya siku kumi na nne kabla ya mkutano. Nasema idadi kamili, Ndugu Makatibu. Mkiandika "wajumbe kama arobaini hivi", hakuna mpishi duniani awezaye kupika "hivi".