Mpira wa Kariakoo na Daftari la Katibu



Jina Kariakoo ni Carrier Corps katika ulimi wetu, yaani jeshi la wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya kwanza. Wapagazi wengi hawakurudi makwao. Katika mitaa hiyo hiyo vijana walikuja kucheza mpira, wengi wao miguu mitupu.

Mwaka 1935 chama chao kilikwisha kuitwa Young Africans. Mwaka 1936 wengine wakajitoa, wakafanya chao, kilichokuja kuitwa Sunderland, na tangu 1971 Simba. Basi ndugu wa mtaa mmoja wakawa wapinzani, na mpaka leo ni hivyo.

Sisi makarani tusijitoe katika habari hii. Chama cha mpira chataka katibu, hesabu na barua, na hizo ndizo kazi zetu. Lakini mkutano ukivunjika, mara nyingi mshika kalamu huandika maneno ya upande aliokaa tu, na ule mwingine husahauliwa kabisa. Kwa hiyo, mwenye daftari la zamani la klabu yoyote, hata lililoliwa na mchwa, alilete kabla ya masika, tulinakili.